Muulize Mwalimu: Kuwatembeza Wageni Chuoni

Muhula huu barua nyingi zilizofika kwenye safu hii zimehusu wanafunzi wa vyuo vikuu wanaopewa kazi ya kuwatembeza wageni, hasa vijana wa shule za upili wanaoletwa kwa mabasi kutoka Nakuru, Kisumu, Vihiga, Kakamega na Busia ili wajionee chuo kabla ya kuchagua kozi. Nimeziteua chache zinazogusana, nikazifupisha bila kubadilisha maana. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine kwa sababu ndani yake mna maswali matatu yaliyovaa nguo za swali moja.

Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja Kaunti ya Nakuru, na nimeteuliwa kuwatembeza wageni siku ya maonyesho. Tumepewa karatasi zenye miaka ya historia ya chuo, majina ya majengo na idadi ya vitabu vya maktaba, tukaagizwa tuzikariri. Tuliambiwa pia kwamba mzazi akiuliza kuhusu migomo au uhaba wa maji hosteli, tubadilishe mazungumzo. Mimi naishi katika hosteli hiyo na nimepanda ngazi na ndoo za maji mara nyingi. Nifanyeje ili nisiwadanganye wageni na wala nisikosane na walioniteua?
*Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Kaunti ya Nakuru*

Karatasi hizo zisome vizuri, kisha siku yenyewe uziache chumbani. Historia inayofaa kusimuliwa ni ile ambayo mgeni anaweza kuiona kwa macho akiwa amesimama pale ulipomsimamisha. Chukua mfano wa Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro. Kilianza mwaka 1939 kama shule ya ukulima iliyoanzishwa na Lord Maurice Egerton wa Tatton, kikapandishwa hadhi mwaka 1950 na kuanza kutoa diploma za kilimo, mwaka 1986 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987 kikawa chuo kikuu kamili. Miaka hiyo minne ikitamkwa mfululizo langoni, hakuna kijana wa Kidato cha Tatu atakayefika maktabani akiwa bado na hata mmoja kichwani. Lakini wageni hao hao ukiwasimamisha mahali wanapoyaona mashamba na ng'ombe, ukawaeleza kwamba ardhi yote hii na kiwanda cha maziwa wanachokisikia kimetokana na ile shule ya ukulima, basi mwaka 1939 utapata mahali pa kujishikiza. Idadi ya vitabu achana nayo. Waingize maktabani, waonyeshe meza unayopenda kuketi na uwaambie ni saa ngapi nafasi huisha wiki ya mitihani.

Hapo ndipo thamani yako ilipo. Chuo kina maafisa wanaojua takwimu kuliko wewe, na sifa za chuo zimeshaandikwa kwenye mabango ya barabarani. Kinachokosekana kwenye mabango ni siku yako ya Jumanne: umeamka saa ngapi, umetembea dakika ngapi kutoka hosteli hadi ukumbi wa mihadhara, umekula nini mesi na ukalipa shilingi ngapi, mhadhiri alipokosa kufika mlifanya nini, na ile kozi uliyoitiwa, je, ndiyo uliyokuwa umeiomba? Nimewasikia waongozaji kadhaa wa wageni, na wale ambao vijana huwafuata hadi mlango wa basi wakiendelea kuwauliza maswali si wenye ufasaha zaidi. Ni wale wanaosema kwa undani jambo dogo walilolipitia wenyewe.

Sasa tuje kwenye mgomo na maji. Mzazi anayeuliza kuhusu migomo hakutegi. Anapiga hesabu ya kodi ya chumba, chakula na mwaka ambao mtoto atamaliza masomo. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma ulioanza Septemba 2025 ukamalizika Novemba ulitangazwa kila siku katika redio zote, kwa hivyo ukimgeuzia maneno na kuanza kumsifia uwanja wa michezo, ataondoka akiamini kwamba mambo ni mabaya kuliko yalivyo. Mjibu yale yaliyokupata wewe: masomo yalisimama lini, wewe ulibaki chuoni au ulirudi nyumbani, na mliporejea ratiba ilipangwa upya namna gani. Akiuliza kama mgomo mwingine utatokea, mwambie kwamba hilo liko mikononi mwa serikali na vyama vya wafanyakazi, nawe huwezi kulitabiri. Hapo inatosha. Usianze kueleza ni nani aliyekuwa na haki, kwa maana dakika kumi zitayeyuka na nusu ya kundi itakuwa imeenda kupiga picha.

Kuhusu maji, zipo namna mbili za kusema ukweli huo huo. Unaweza kusema, "Hapa maji ni shida tupu, tunateseka," na mgeni asipate lolote la kumfaa zaidi ya uchungu wako. Unaweza pia kusema, "Ghorofa za juu maji hukatika siku kadhaa, kwa hivyo sisi hujaza ndoo usiku yakiwapo, na tangi la chini ndilo tunalokimbilia. Ukija, njoo na ndoo mbili zenye vifuniko." Kauli ya pili haifichi kitu, tena mzazi ataiandika kwenye orodha yake ya kununua. Walioniandikia kutoka ofisi za vyuo huogopa zaidi ile kauli ya kwanza, na mara nyingi hupiga marufuku jambo lote kwa kuwa hawakuwahi kuisikia ya pili. Kwa hiyo nenda ofisini kabla ya siku yenyewe ukiwa na sentensi zako mbili tatu ulizoziandika, uwaonyeshe, uwaulize kwa heshima kama wana neno la kurekebisha. Wakishikilia kwamba useme maji hayakatiki kamwe, omba upewe kazi nyingine siku hiyo, kama vile meza ya kuwasajili wageni. Hiyo si aibu. Aibu ni kukutana Septemba kwenye ngazi na kijana uliyemhakikishia maji, naye amebeba ndoo.

Lipo eneo moja ambalo ninakusihi usiliingie hata kwa nia njema, nalo ni karo na ufadhili. Mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023 huwagawa wanafunzi katika makundi kulingana na tathmini ya uwezo wa familia, kwa hivyo wawili wanaosoma kozi moja na kuketi dawati moja wanaweza kulipa viwango tofauti. Ukimwambia mzazi, "Mimi nalipa kiasi hiki," atakichukua kama bei ya chuo. Mpeleke kwenye ofisi inayohusika, tena umfikishe mlangoni badala ya kumwonyesha kwa kidole.

Hukuniuliza kuhusu namna ya kutembea, lakini nitaligusa kwa sababu wengi hulikosea. Katika vyuo vya Marekani, ambako kazi hii ni desturi ya miaka mingi, mwongozaji alizoea kutembea kinyumenyume akiwatazama wageni huku akizungumza bila kukoma, na baadhi ya vyuo huko vimeiacha tabia hiyo. Kwetu, penye mitaro, mizizi na ngazi zilizomeguka, usiijaribu kabisa. Tembea mbele kama watu wote, ukipiga soga na walio karibu nawe. Ukifika kituoni, geuka, ungoje hadi mtu wa mwisho kabisa afike, ndipo useme. Waongozaji wengi huanza kuzungumza pindi watano wa kwanza wanapofika, na wale wa nyuma, ambao aghalabu ni wazazi wenye magoti mabovu na mwalimu anayewahesabu watoto, husikia nusu ya mwisho ya kila habari. Jua lipigie usoni mwako, lisiwapige wao. Na mtu akiuliza swali, lirudie kwa sauti kabla ya kulijibu, kwa kuwa walio nyuma hawakulisikia.

Mwalimu mwenzangu, shule yetu iko Kaunti ya Vihiga. Tunataka kuwapeleka wanafunzi wa Kidato cha Tatu waone Chuo Kikuu cha Maseno na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro siku moja, na basi lazima lirudi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Je, inawezekana? Na sisi walimu tunapaswa kuwa wapi wanafunzi wanapotembezwa?
*Mwalimu wa taaluma, Vihiga*

Kwa barabara inawezekana, maana ninyi mko katikati: Maseno iko upande wenu wa kusini kwenye njia ya Kisumu kwenda Busia, na Masinde Muliro iko Kakamega upande wa kaskazini. Lakini mwalimu, utawapatia vijana malango mawili na chakula cha mchana ndani ya basi. Mimi ningechagua chuo kimoja, nikafika mapema, nikahakikisha kwamba kutembea kumekwisha kabla ya saa nane. Unaijua mvua ya upande huu wetu: asubuhi ni jua la kuanika mahindi, alasiri radi inapasua mawingu, na wanafunzi 60 wakikimbilia baraza moja hakuna mwongozaji atakayesikika tena.

Namna ya kuchagua ni kuwauliza wanafunzi kwanza wanafikiria kozi gani, badala ya kuangalia ni chuo kipi kina lango zuri. Anayetaka usimamizi wa majanga ana sababu ya kwenda Kakamega, kwa kuwa Masinde Muliro ina kitivo maalumu cha taaluma hiyo. Anayetaka ualimu atapata mengi ya kuuliza Maseno, chuo ambacho sehemu ya mizizi yake ni kilichokuwa Chuo cha Ualimu cha Siriba. Kama darasa limegawanyika, gawanyeni safari mihula miwili. Na kwa kuwa KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, unatarajiwa kufanywa mara ya mwisho chini ya mfumo wa zamani wa elimu wa 8-4-4 mwaka 2027, shule zenye wanafunzi wa Gredi ya 10 ya mfumo mpya zianze kufikiria ziara zao nao pia. Hao tayari wameingia kwenye mikondo yao ya masomo, na watakuwa na maswali tofauti na ya kaka na dada zao.

Kabla ya safari, kila mwanafunzi aandike maswali mawili ambayo hayajibiwi na tovuti ya chuo. Ukikuta mtu ameandika, "Chuo kilianzishwa mwaka gani?" mrudishie daftari. Swali zuri ni kama lile ambalo msichana mmoja wa Luanda, huko huko Vihiga, alilisoma kutoka kwenye daftari lake nikiwapo: "Ukifeli somo moja mwaka wa kwanza, unalirudia lini, na unalipia tena?" Mwongozaji alicheka, akashusha sauti, kisha akamweleza mambo ambayo hayakuwa kwenye karatasi yoyote.

Alishusha sauti kwa sababu walimu tulikuwa karibu. Kwa hiyo walimu watembee nyuma, hatua kadhaa mbali na kundi, wasikatize na wala wasiwakemee vijana kwa maswali ya mesi na burudani. Hata hivyo wasitoweke. Wanafunzi wenu wengi ni watoto kisheria na waongozaji ni watu wazima, tena vijana, kwa hivyo tangu mwanzo muafikiane na chuo kwamba hakuna kupeana nambari za simu kati ya mwongozaji na mwanafunzi. Mwenye swali la baadaye alipitishe kwako. Kadhalika picha: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa za mtoto hushughulikiwa kwa idhini ya mzazi au mlezi, na picha inayomtambulisha haiko nje ya hilo. Chuo kikitaka kuwapiga picha wanafunzi wenu kwa ajili ya matangazo yake, jambo hilo liwe limetatuliwa kwa barua kabla basi halijaondoka shuleni.

Mwalimu, binti yangu anasema ni lazima aende kuvitembelea vyuo. Mimi nauza samaki na nauli ni pesa. Si KUCCPS, ile taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, ndiyo inayoamua atakakoenda? Kuna faida gani kutembezwa mahali ambapo huenda asiitwe?
*Mama mzazi, Kondele, Kisumu*

Mama, una haki ya kuuliza, na sitakuambia ukope nauli. KUCCPS haimpeleki mtoto popote ipendapo. Huangalia kozi alizoziomba mwenyewe na mpangilio alioziwekea, alama zake za kundi la masomo ambazo kilele chake ni 48, na nafasi zilizopo katika kozi hiyo. Ule mpangilio ndio ulio mikononi mwa binti yako, na ndio ambao ziara inaweza kuubadilisha. Nimewaona vijana walioshusha kozi ya kwanza hadi ya tatu baada ya kuingia maabara moja na kuzungumza na aliyekuwa akifanya kazi ndani yake.

Lakini si lazima ziara iwe ya mbali. Maseno iko karibu na Kisumu, nauli ya matatu ya kwenda na kurudi siku moja unaiweza kuliko safari ya Njoro, na chuo ukikipigia simu mapema kitakuambia siku ambazo wageni hupokewa. Hata hilo likishindikana, mtafute kijana wa mtaani kwenu au wa kanisani anayesoma kozi ile ile aliyoichagua binti yako, hata kama ni katika chuo kingine, umwalike chai siku ya likizo na umwache azungumze na binti wewe ukiwa jikoni. Nusu saa hiyo inaweza kumfaa kuliko kuona majengo.

Mwalimu, sisi tunaowatembeza wageni huku Maseno tunasumbuliwa na mstari wa Ikweta unaopita hapa. Kila kundi linataka tuonyeshe maji ya beseni yakizunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande wa pili. Mwenzangu amejifunza kulifanya onyesho hilo na wageni humpigia makofi. Mimi sina uhakika. Je, ni kweli?
*Komredi, Maseno*

Si kweli, na umefanya vyema kuuliza. Nguvu inayotokana na mzunguko wa dunia, ambayo wanasayansi huiita Coriolis, ndiyo inayochangia kuvipa vimbunga vya baharini mwelekeo wa kuzunguka. Kwenye beseni nguvu hiyo ni dhaifu mno isiweze kuonekana, na kwenye Ikweta yenyewe haiupindi kabisa mwendo wa kitu kinachokwenda sambamba na ardhi. Maji ya beseni hufuata namna yalivyomiminwa na umbo la chombo. Wanaolifanya onyesho hilo huyamimina upande huu au ule, au hugeuka wakiwa wameshika beseni, na macho ya wageni huwa yamefuata kijiti kinachoelea. Mtazame mwenzako mikono badala ya kutazama maji, utaona.

Kwa chuo, jambo hili lina uzito kuliko lilivyo kwa muuza vinyago wa kando ya barabara. Unawatembeza watoto wanaokuja kuuliza kama fizikia inasomeka hapa. Badala yake waambie kitu cha kweli ambacho wengi hawakijui: mwezi wa Machi na wa Septemba, karibu na tarehe 21, mti uliochomekwa wima hapo Ikweta hukaribia kukosa kivuli kabisa mchana. Tena saa yenyewe si saa sita kamili kama watakavyokisia. Ni kati ya saa sita na nusu na saa saba, kwa sababu saa za Kenya zimepimwa kwa mstari ulio mashariki zaidi, na jua huchelewa kufika magharibi. Mwombe mmoja wao aeleze ni kwa nini. Akiweza, mpeleke maabara ya kwanza.

Mwalimu, kundi nitakalolitembeza litakuwa na mvulana anayetumia kiti cha magurudumu. Nimeambiwa nimtafutie mtu wa kukaa naye kivulini tukienda sehemu zenye ngazi. Inatosha?
*Mwongozaji wa wageni, Kakamega*

Haitoshi. Aliyekuja kuona chuo hakuja kuona kivuli. Ipitie njia yako siku mbili kabla, ukihesabu ngazi, changarawe na milango myembamba, kisha ubadilishe njia ya kundi zima ili wote wapite anapoweza kupita. Maabara ikiwa ghorofani na jengo halina lifti, omba mnayoweza kuyaona huko yaletwe chini, au mchague maabara nyingine. Ongea naye mwenyewe, usiongee na anayemsukuma, na usikishike kiti chake bila kumwomba ruhusa. Akikuuliza kama ataweza kufika madarasani kila siku mvua ikinyesha, mwambie ulichokiona ulipoipitia njia ile, hata kama jibu si zuri, kisha umwonyeshe ofisi inayopanga vyumba na ratiba kwa wanafunzi wenye ulemavu. Yeye ndiye atakayeishi na jibu hilo miaka minne.

Mwalimu, je, ni vibaya kupokea shilingi 200 ambazo mzazi hunitia mkononi baada ya kumtembeza? Chuo hakitulipi chochote.
*Mwanafunzi, Bungoma*

Uliza kwanza kanuni ya chuo chako. Kama inakataza, mrudishie mzazi kwa shukrani na umwambie hivyo. Kama haisemi lolote, mimi bado ningezikataa, kwa sababu kundi lijalo utajikuta unawatafuta waliovaa vizuri na kuwajibu wao kwanza, na watoto waliokuja na basi la shule, ambao hawana cha kukupa, watakuwa wanakusikiliza kutoka nyuma. Unachostahili kudai ni chakula cha mchana siku ya kazi, fulana ya kukutambulisha, na barua ya kuthibitisha kazi uliyoifanya, inayotaja ni mara ngapi na kwa makundi ya namna gani, ambayo utaiambatisha unapoomba nafasi ya mafunzo ya kazini. Barua hiyo iombe wiki ile ile, kabla afisa aliyekusimamia hajahamishwa.